Mate ya Mhina

Mhina karudi Tanga, na kitoma mkononi,
Majani kama mchanga, ameshindilia ndani,
Avuta kama mganga, kwa mrija wa madini,
“Kinywaji hiki ni mate,” kanambia hadharani.

Mate, Mhina? Ya nani? Ya ng'ombe, au ya mtu?
Nikavuta, na kinywani: moshi, nyasi, hata kutu.
Chai, hodi mlangoni; kahawa huvunja vitu;
Mate yakaja kwa kimya: hadi adhana, macho tu.

Ngamiani, kwa Nasiri, kahawa, kashata zimo,
Kikombe hiki, si siri, chapita kila mdomo,
Maji tangu alfajiri, kopo moja, bado yamo:
Kumbe sisi twanywa mate, jina tu ndilo halimo.