Hesabu Juu ya Pakiti ya Sigara

Dinari elfu arobaini, asema Bi Zumreta,
kisha anazirudia pilipili hoho zake motoni.
Naivuta helikoni juani, joka zito la shaba,
ua mdogo wa Vranje unajaa kijani cha kutu.

Vali tatu zimeganda kama ulimi wa shahidi:
kwa fundi Demiran, elfu kumi na nane.
Bomba la pili lina ufa. Kulehemu, tano.
Springi, koki, vanishi, tuseme tisa,
na Demiran hajawahi kutaja bei mara moja.
Kwa hela hizo napata mpya, na kasha lake juu.

Naonyesha palipolika, ili nipunguziwe.
"Hapo ni bega lake," anasema.
"Miaka thelathini na moja, harusi za watu."

Napuliza. Inatoka hewa tu,
hewa ya kabati, ya naftalini,
halafu, chini kabisa, noti moja mbovu.
Msumeno wa jirani unanyamaza.
Bi Zumreta hageuki, ila pilipili zinaungua.

Elfu thelathini na tano, nasema,
na sauti yangu imeshakubali arobaini.