Kulala Chini kwa Hiari

Mama alicheka kwenye simu hadi akakohoa:
"Elfu moja na mia tano, mlale chini?
Mimi nililala chini bure miaka tisa
pale Mukuru, mvua ikiingia bila hodi."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika kigingi,
na Lemayian, mlinzi wa kambi, akinionyesha
upande unakotokea upepo wa Ngong.
"Hapa hema halifungwi kwa nguvu," alisema,
"hufungwa kwa adabu."

Zipu ilikwama nusu. Tukaiziba kwa leso.
Ugali ukashika moshi, sukuma ikabaki na mchanga,
na Bosibori, ambaye kwetu Donholm
hali mpaka aahidiwe katuni,
akalamba sahani.

Giza lilipoingia, mitambo ya upepo
ikawa inavuma juu yetu kama mtu anayepepeta mchele.
Jiji lilikuwa kule chini, limewashwa lote.
"Dirisha letu ni lipi?"
Nikanyoosha kidole popote.
Akalipungia mkono.

Saa nane usiku fisi akacheka, mbali,
halafu si mbali sana.
Palikuwa na jiwe chini ya ubavu wangu.
Nikageuka, nalo likageuka.
Nikakunja sweta, nikaliwekea. Wapi.

Kulipokucha nikapanda mwinuko kutafuta mtandao.
"Mama, wewe ulikuwa unalalia ubavu gani?"
Safari hii hakucheka.
Nikasikia akiweka kikombe mezani.
"Wa kushoto," akasema.
"Juu ya ule wa kulia ulilala wewe."