Bereti Yenye Korosho

Nilimwona kabla hajaniona.
Msimu umefunguliwa, ghala la chama limejaa watu,
Nachingwea nzima inanuka magunia,
na mimi na spana yangu namba kumi na tatu,
baiskeli ya Mzee Chitanda imelala miguu juu
kama kuruti aliyezidiwa na doso.

Askari. Kombati mpya, bado ina mikunjo ya stoo.
Kichwa wazi.
Mkono wa shati wa kushoto umekunjwa, wa kulia umeshuka.
Amechuchumaa barabarani,
amechuchumaa! mbele ya raia, mbele ya mama lishe,
mbele ya watoto wa shule na barafu zao mdomoni,
na bereti, bereti yenyewe, nembo na kila kitu,
kaipindua kama bakuli la ombaomba.

Miaka ishirini na sita nilivaa kitu kile.
Nilikilowesha, nikakifinyanga kichwani
hadi kikakauka kwa umbo la fuvu langu.
Usiku wa manane ningekushikia bila taa.

Lindi, nikiwa kijana, Sajinitaji Hokororo
alinikuta stendi natafuna muwa na sare mwilini.
Akanisimamisha mguu sawa, juani, muwa mdomoni,
mpaka basi la Kilwa likaja, likapakia, likaondoka.
Ndani yake alikuwamo binti niliyekuja kumsindikiza.
Alinipungia mkono.
Sikupunga.
Nikasema, hivyo ndivyo mtu anavyonyooshwa.
Nimesema hivyo miaka arobaini.

Basi nikaitupa spana.
"Wewe! Askari!"
Sauti ilitoka palepale ilipokuwa imehifadhiwa,
haina kutu hata chembe.
Wapimaji wakanyamaza, gunia likabaki linaning'inia kwenye mizani.
"Hiyo kofia ni ungo? Nani kakufunza kupepetea nembo? Simama!"

Akasimama. Buti zikagongana, vumbi jekundu likaruka.
Bereti kifuani, imejaa korosho hadi ukingoni,
na nyuma yake, pale mgongo wake uliponizibia,
Bi Somoe na gunia lililopasuka,
jasho la mwaka mzima limetapakaa njiani,
bodaboda zinapita juu yake, kra, kra.

"Unamfokea nani?" bibi akaniuliza.
"Mwenzio ameokota kwa kofia.
Wewe una mikono miwili,
na umekaa hapo tangu uzi ulipokatika."

Watu walicheka. Si wengi. Walitosha.

Kijana hakucheka.
Alimmiminia bibi korosho zake, akaikung'uta bereti,
akaivaa, nembo juu ya jicho la kushoto,
akapima kwa vidole viwili, kama nilivyokuwa nikipima.
Akakunja mkono wa pili, ukalingana na wa kwanza.
Kifuani kimeandikwa NAMPOTA.
Akanijia kwa hatua za gwaride,
nami nikakaza shingo kungoja saluti
ambayo sajini hapigiwi,
sembuse fundi baiskeli.

Hakupiga. Aliinama hadi sikioni mwangu,
ananukia sabuni ya mche.
"Shikamoo, afande. Kosa ni langu.
Ila hilo shati la kombati ulilokata mikono
ukalipaka grisi, raia haruhusiwi.
Livue taratibu. Polisi jeshi wako pale kwa muuza mihogo."

Kisha akanyooka, akapaza sauti barabara nzima isikie:
"Asante, mzee, kwa kunikumbusha!"

Nikaingia nyuma ya ukuta wa ghala.
Nikalivua, nikaligeuza ndani nje,
nikalikunja kwa pembe nne kama kitandani kambini,
na humo mikunjoni nikamwona tena binti wa basi la Kilwa,
mkono wake dirishani, unasubiri.

Nilipotoka, kijana ameshaondoka.
Korosho moja ilikuwa imebingirika hadi kwenye spana yangu.
Nikaiokota, nikampelekea Bi Somoe.
Aliitazama,
akaitazama fulana yangu yenye matundu,
akanifumbisha kiganja.
"Kaa nayo," akasema.
Kwa sauti ya chini.