Bei ya Mtamba

Tulimuuza mtamba mwenye doa kwenye jicho,
yule ambaye Wendell alimlea kwa chupa
Machi ile theluji ilipofunika nguzo za ua.
Dalali hakuuliza sababu. Montana hawaulizi.
Hundi ikalala mfukoni mwangu usiku mmoja,
kesho yake ikaenda Billings kwa Daktari Pomeroy,
mwendo wa saa tatu na nusu, upepo ukiwa na huruma.

Nimemfundisha mwenyewe, meza ya jikoni, miaka mitatu.
Niseme kweli: nilimwona mvivu.
Sikutamka. Lakini mtoto husikia
jinsi kalamu inavyowekwa mezani.
Aliposoma vitabu vya mwanzo bila kukwama nilishangilia,
kumbe alikuwa amekariri picha:
bata ukurasa wa nne, mvua ukurasa wa sita.
Siku niliyozifunika kwa kiganja
alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa fimbo gizani.

Na Odette, mdogo wake, miaka mitano,
amejifunza kusoma kwenye magunia ya chumvi ya ng'ombe.
Hakufundishwa na mtu.
Hilo ndilo lililoniuma.

Chumba cha kungojea kilikuwa na samaki mmoja.
Nyuma ya mlango nilimsikia akirudisha tarakimu kinyumenyume,
kisha akaambiwa: taja neno, ondoa sauti ya kwanza,
sema kilichobaki.
Kilichobaki.
Alinyamaza hapo muda mrefu
hata nikaanza kutafuta jibu mimi.

Daktari aliniita, akauliza: katika ukoo, yuko mwingine?
Nikasema hakuna.
Nilikuwa nimeshafika kwenye gari, ufunguo mkononi,
ndipo nikamkumbuka baba:
miwani iliyosahaulika kila tulipokwenda benki,
menyu aliyoifunga upesi, "Nitakula anachokula Corinne,"
kadi zangu zote za kuzaliwa, mwandiko wa mama.
Nikarudi. Nikabisha hodi. Nikasema, yuko.

Ripoti ilikuja, kurasa kumi na nne.
Nilimsomea mwenyewe, maana ilimhusu yeye.
Disleksia, nikasema. Akataka kuliona neno.
Kwa Kiingereza chetu limejaa mitego,
herufi zimekaa mahali ambapo sikio halikuzituma.
Akalikodolea macho.
"Nani aliwachagulia watu kama mimi neno gumu hivi?"
Tulicheka mpaka Odette akaamka.
Halafu, taa imezimwa:
"Mama, kwa hiyo mimi nimegharimu ng'ombe?"
Donge likanikaa kooni. Nikasema ndiyo, ng'ombe.
"Mtamba," akanisahihisha, akageukia ukutani.

Kila Alhamisi tuko kwa Bi Trudell, chini ya maktaba,
ubavuni mwa tanuri linalopasha jengo joto.
Ana sinia la mchanga. Herufi inachorwa kwa kidole
na kutamkwa papo hapo, ili mkono nao usikie.
Hii tumbo lake liko mbele, hii liko nyuma.
Neno linagongwa vidoleni, kidole kwa sauti,
dole gumba ndilo linaloanza.
Mwezi wa pili alikuwa anazichanganya.
Mwezi wa tano pia, akichoka.
Juzi alilirusha lile sinia.
Tulizoa mchanga kwa kipande cha kadibodi
hadi saa ya kufunga,
na Bi Trudell, magoti yakimlia, alisema tu:
"Umebaki kidogo kwenye ile kona."

Baba ndiye anayetuendesha, barafu ikizidi.
Haingii. Anakaa garini, injini ikinguruma,
eti maktaba ina joto mno.

Jana tulipita mnadani. Wendell akabandika paji kiooni,
akakishika kibao silabi kwa silabi, vidole vikigonga goti,
jasho puani na nje kumeganda:
Mifugo. Yote. Ikaguliwe. Kwanza.
Hakutabasamu. Alikuwa anatafuta zizi fulani kwa macho.
Baba, aliyeuza ng'ombe pale miaka arobaini,
akapunguza mwendo, akakitazama kibao hadi kikapita.
"Kumbe," akasema, "ndivyo kinavyosema."