Daftari la Mashimo

Shimo la kwanza niliandika kwa penseli,
sikudhani litafika la pili.
Mtamba wa Gidamuhale, mwekundu, mwenye doa shingoni,
alizamisha mguu wa mbele mpaka gotini,
na mfupa tuliusikia tukiwa kisimani.

Wakaja ofisini, chini ya bati lililotoboka.
Gidamuhale na fimbo. Hakusalimu.
Chitanda na jembe. Naye hakusalimu.
Mmoja akataka sumu, magunia mawili,
tuwamalize panya buku bonde zima la Nambewe.
Mwingine akacheka kile kicheko cha njaa:
"Ukimalize kitoweo cha wanangu?
Ng'ombe wako walipomaliza mbaazi zangu,
mimi nilidai sumu?"

Mimi ni katibu wa kamati ya malisho.
Kazi yangu kuandika, si kuamua.
Lakini kalamu iliposimama, wote wawili walinikodolea
kana kwamba wino ndio uliochimba.

Basi tukatoka. Siku tatu, watu watatu,
mfuko wa chokaa, kopo, daftari la kwaya mbili.
Chitanda aliisoma ardhi kama barua ya nyumbani:
hili lina mwenyewe, mdomo umelainika kwa kupita;
hili limehamwa, buibui amepanga;
na hili si la panya hata kidogo,
hili la wanawake wachimba ming'oko,
na mmoja wao, katibu, ni wewe.
Nikaandika. Ningefanya nini?

Gidamuhale alihesabu kwa lugha yake,
akipima kwa fimbo kina cha kila mdomo.
Mnapowafukiza kwa moto, alisema,
nyasi hurudi na mashina magumu, ng'ombe hunusa wakapita.
Na mvua ikinyesha, Chitanda akajibu,
ng'ombe wako hutitia kwenye mapaa ya nyumba zao,
halafu unasema nyumba ndiyo iliyomvunja mgeni.

Shimo la kumi na tisa tulilifukua pamoja.
Ghalani mlikuwa na korosho arobaini,
Chitanda akaapa anazijua kwa sura;
punje za mtama; kifungo cha shati;
na shanga moja ya bluu
ambayo Udasiga, mke wa Gidamuhale, aliitafuta tangu masika.
Mwizi akachomoka, mashavu yametuna, mkia nusu mweupe,
akatukatiza miguuni, akaenda zake.
Hakuna aliyempiga. Sijui kwa nini.
Nadhani kila mtu alikuwa anahesabu vyake.

Tuliyokubaliana hayakujaza ukurasa.
Sumu hapana: mbwa hula panya, na kisima kiko mteremkoni.
Moto hapana.
Achimbaye afukie, akanyage, anyunyize chokaa.
Mashimo ya upande wa mto yasiguswe, hata kwa njaa.
Ng'ombe wapitie mashariki mpaka udongo ukauke.
Atakayevunja atajaza mashimo kumi,
karai kichwani, mchana, watu wakimwona.
Chitanda akatia dole gumba.
Gidamuhale akatia sahihi ndefu, kama anayechora pembe.

Jioni Chitanda alibanika panya wawili.
Gidamuhale akakataa kwa kiganja, akatoa kibuyu cha mtindi.
Chitanda akanywa, macho kayafumba kama mmeza dawa.
Hawakuwa marafiki. Nalisema hili
kwa sababu watu wa wilaya, walipokuja, waliandika "urafiki".
Mimi niliandika: "Wamekaa."

Shimo la arobaini na moja ni la leo, kabla ya jua.
Limeachwa wazi, udongo mbichi, njia ya ndama.
Pembeni alama za kandambili,
ya kushoto imeshonwa kwa waya.
Waya huo niliufunga mimi.

Nimeandika jina la mwanangu, Nurdini, kwa wino.
Tukaenda naye, karai na chokaa, hatusemezani.
Alikanyaga mpaka jasho likamtoka,
akanitazama kama anayeuliza: limetosha?
Hatua mbili kando, udongo ukacheza,
ukafunguka mdomo mpya, mdogo,
na pua ikatoka kuinusa asubuhi.

Nikageuza ukurasa.
Arobaini na mbili.