Lebo

Msellem kanunua chupa Marikiti,
vidonge sitini, picha ya simba.
Kaificha nyuma ya Kurasa za mwaka jana.
Nimevaa miwani, nasoma.

Uwatu:
ule nilionyweshwa arubaini yangu nzima,
maziwa yakaja, Mishi akashiba.
Mukombero, anaoutafuna bawabu wa benki
asisinzie zamu.
Na mbigili. Mbigili!
Wa uwanja wa Tononoka,
uliomtoboa kisigino tuko darasa la nne,
akalia, nikaung'oa kwa meno.

Leo kaulipia elfu mbili na mia tano,
aumeze kwa maji, asubuhi na usiku,
mlango kaufunga.

Ungeniuliza, mume wangu.
Mwiba huo napajua ulipoingia.
Njoo. Nyoosha mguu.