La Kumi na Tisa

Foleni ya Malaba imelala siku ya nne.
Dereva Oketcho anapita na kikombe cha chai,
anaokota gurudumu mezani pangu, analinusa.
"Mvule?"
"Masalio ya mlango wa kanisa."

Nimekata, nimepiga msasa,
tundu za nati nimezichoma kwa msumari wa moto;
weusi wake ni masizi na oili iliyodondoka chini ya lori lake mwenyewe.
Kumi na manane, kila moja kama kizibo cha soda,
na hakuna linaloyumba. Nilijisifu kimoyomoyo.

Akalisukuma lile lori dogo juu ya ubao.
Akatikisa kichwa.
"Hili si langu. Langu huvuta kushoto,
gurudumu la nyuma, la ndani. Tangu Iganga nalisikia kwenye usukani
kama jino bovu."

Basi nikang'oa moja, nikachonga jingine,
tupa upande mmoja, kidogo,
tena kidogo.
Akasukuma. Likapinda, likaenda zake ukingoni.
Alicheka hadi chai ikamwagika.

Alfajiri geti likafunguliwa.
Kwenye unga wa mbao limebaki lile nililoling'oa,
duara kamili.
Sijapata lori la kulivaa.